Mungu, Miungu na Mizimu: Safari ya Maneno Machache

Mfasiri wa habari za kodi au za kilimo akikosea neno, kosa lake huonekana upesi, maana mkulima atatia mbolea isiyofaa, na mlipa kodi atafika ofisini akiwa amekasirika. Mfasiri wa habari za miungu akikosea, hapana anayekuja kulalamika. Wenye miungu hao ama wako mbali ama walikwisha kufa zamani. Na kosa huingia vitabuni, likafundishwa, likakaririwa, hata mwisho likaonekana kuwa ndiyo habari yenyewe.

Tulipata kusoma muswada mmoja wa kitabu cha shule uliokusanya masimulizi ya mataifa mbalimbali. Katika kurasa zake chache neno shetani lilikuwa limetumika kwa Eshu wa Wayoruba, kwa sauti iliyokuwa ikimwonya Socrates wa Athens, kwa kami wa milima ya Japani, na kwa wazee waliofariki wa Watswana. Mwandishi wake hakuwa mvivu. Alifuata kamusi alizokuwa nazo, na kila kamusi ilimpeleka mahali pale pale. Jambo hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya, maana tuliona kwamba kosa si la mtu mmoja, bali lina historia ndefu kuliko Kiswahili chenyewe.

Tuanze na neno lililo kubwa kuliko yote. Al-Masudi, mwanahistoria wa Baghdad, aliyepita bahari ya Wazanji kwa mara ya mwisho mnamo mwaka 916, ameandika kwamba Wazanji walimwita Mungu kwa jina ambalo, kwa jinsi nakala zinavyotofautiana, husomwa Maliknajlu au Maklanjalu, naye akalieleza kuwa maana yake ni Bwana Mkubwa. Wako wataalamu waliosikia ndani yake neno la Kibantu la ukubwa, yaani mkulu, wakalilinganisha na uNkulunkulu wa Wazulu. Hayo ni makisio, wala hatuna haja ya kuyashikilia. Litoshalo kwetu ni kwamba katika karne ya kumi msafiri Mwislamu alisikia pwani hii jina la Bwana mmoja aliye mkuu, akaona halina tabu kulieleza kwa Kiarabu. Na jina hilo silo hili tunalolitumia leo.

Hili tunalolitumia leo lina ndugu wengi barani. Wagogo, Wakaguru, Wayao, Wanyanja na Wamijikenda husema Mulungu. Kiswahili kina desturi ya kuiangusha sauti ya l iliyo kati ya irabu mbili: penye njala kwa jirani, sisi twasema njaa, penye mvula, mvua, penye kuzala, kuzaa. Kwa njia hiyo hiyo Mulungu akawa Muungu, na ndivyo Askofu Edward Steere alivyoliandika neno hili huko Unguja katika vitabu vyake vya miaka ya 1870. Baadaye u moja ikamezwa na nyingine, tukabaki na Mungu.

Yafaa tulikumbuke jambo moja ambalo kwa wepesi wake husahauliwa. Watu wa pwani walikuwa Waislamu kwa karne nyingi kabla ya Steere. Maandishi ya mihirabu ya msikiti wa Kizimkazi yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Walikuwa na jina la Allah katika sala zao kila siku, na hapana lililowazuia kulitia katika mazungumzo na kuliacha lile la Kibantu, kama walivyofanya kwa maneno mengi ya dini. Hawakufanya hivyo. Walilichukua jina la wazee wao, wakalisafisha, wakalivika sifa mpya: Mola, Rabi, Jalali, Manani. Katika tamko la Mwenyezi Mungu, mwenye ni la Kibantu, enzi ni la Kiarabu, na Mungu ni la Kibantu tena; neno moja limefungwa kwa kamba mbili, wala hapana anayeuona mshono. Wamisionari walipofika, walilikuta neno limekwisha kufanyiwa kazi ambayo kwingine iliwatoa jasho.

Kwa hakika iliwatoa jasho. Huko Natal, Askofu Colenso aliona uNkulunkulu latosha kumtaja Mungu katika Kizulu, lakini Henry Callaway alipowauliza wazee mmoja mmoja, na kuyachapa maneno yao kuanzia mwaka 1868, aliona kwamba wengi wao walimfahamu uNkulunkulu kuwa ni mzee wa kwanza kabisa wa watu, aliyetokea zamani kabla ya wote. Francis Xavier alipofika Japani mwaka 1549 alishauriwa atumie jina Dainichi. Miaka miwili baadaye alitambua kwamba alikuwa akiwahubiria watu habari za Buddha wao wenyewe, akaliacha haraka akashika Deus la Kilatini. Na kule China mabishano juu ya majina matatu, Tian, Shangdi na Tianzhu, yaliendelea kwa miaka mia, hata Papa Clement wa Kumi na Moja akakataza mawili ya kwanza kwa waraka wa mwaka 1715. Sisi tunaokaa katika kamati za istilahi na kubishana mchana kutwa juu ya neno la chombo cha maabara, na tusijione wa ajabu.

Lakini urahisi una hasara yake. Kwa kuwa neno Mungu limekuwa safi na tayari, mfasiri hulinyakua kila aonapo jina la mkuu wa mbinguni katika masimulizi yoyote. Mchaga alimwita Ruwa, na neno hilo ni la jua. Mmasai humwita Enkai, nalo ni neno la mvua na la mbingu pia, tena lina kiambishi cha kike mwanzoni. Wahaya na Wanyoro walisema Ruhanga, Waganda Katonda, na yote mawili yametoka katika vitenzi vya kuumba. Tukiandika Mungu katika masimulizi yote hayo, jua limekwisha kuchwa, mvua imekatika, na mwanafunzi hajui kwamba kulikuwa na kitu. Katika maombi na mahubiri hilo si neno. Huko maana ndiyo itakiwayo. Katika kitabu cha masimulizi, jina na libaki jinsi lilivyo, lielezwe mara moja.

Hapa pana jambo dogo la jinsia. Kiswahili hakitenganishi mume na mke katika sarufi yake, na mara nyingi twashukuru kwa hilo. Lakini Artemis wa Efeso hawezi kufichwa. Luka, katika Matendo ya Mitume, amemtaja kwa maneno mawili ya Kiyunani: mara kwa neno la kike kabisa, mara kwa neno la kiume lililotanguliwa na kitambulisho cha kike. Wafasiri wetu wa Biblia walisema mungu mke. Twalielewa, lakini hatulipendi, kwa sababu mke ni mwanamke na mke ni mwenye mume. Msomaji wa habari za Hera, aliyekuwa mungu wa kike na pia mke wa Zeus, atapata tabu isiyo ya lazima. Mungu wa kike latosha.

Sasa tuje kwenye mzimu, maana hapo ndipo penye kisa chenyewe. Shina lake limeenea Afrika ya Kibantu karibu yote. Warundi na Wanyarwanda wana umuzimu, Waganda muzimu, Washona mudzimu. Katika Kiswahili shina hilo limezaa nyumba nzima ya maneno kwa kubadili ngeli tu. Likiwa katika ngeli ya miti na mito, ni mzimu, roho ya aliyefariki, au mahali anapotolewa sadaka. Ndiyo maana tuna vitongoji viitwavyo Mzimuni hata ndani ya Dar es Salaam. Likipewa kiambishi cha mahali ni kuzimu. Likitiwa katika ngeli ya makubwa na ya kutisha ni zimwi, yule ambaye methali yasema likujualo halikuli likakwisha. Wazulu nao wana izimu mla watu, na Wasotho wana ledimo.

Ila kwa Wasotho na Watswana jambo la ajabu limetokea. Shina hilo hilo, kwa sauti za huko, limekuwa Modimo, nalo ndilo jina la Mungu. Neno ambalo kwetu hukaa chini ya mbuyu, kwao limekaa mbinguni. Na wingi wake wa ngeli ya watu, badimo, ni wazee waliokufa wanaowaangalia walio hai. Robert Moffat alipotafsiri Biblia katika Kitswana, Agano Jipya mwaka 1840 na Biblia nzima mwaka 1857, alilichukua Modimo kwa ajili ya Mungu. Lakini alipofika mahali Yesu anapotoa pepo wachafu, aliandika badimo. Basi Mtswana aliyejifunza kusoma kwa kitabu hicho alisoma kwamba babu zake walitolewa ndani ya wagonjwa, wakaingia katika nguruwe, wakateremka gengeni kufa baharini. Hapana tangazo la serikali wala la kanisa lililosema kwamba wazee wa watu hao ni mashetani. Lilisema hivyo neno moja katika tafsiri, na likasema kwa vizazi.

Wala Moffat hakulianzisha. Wayunani wa kale walikuwa na neno daimon, nalo halikuwa na ubaya ndani yake. Lilitaja nguvu iliyo kati ya miungu na watu. Mtu aliweza kuwa na daimon mwema. Socrates alisema kwamba tangu utoto alisikia sauti ya namna hiyo, iliyomzuia kila alipotaka kufanya lisilofaa, na mojawapo ya mashtaka yaliyomwua mwaka 399 kabla ya Kristo lilikuwa kuingiza daimonia wapya mjini. Kisha Wayahudi wa Alexandria, walipozitafsiri Zaburi kwa Kiyunani, walifika mahali Kiebrania kinaposema kwamba miungu ya mataifa ni vitu vya bure, wao wakaandika kwamba ni daimonia. Kutoka hapo neno halikuinuka tena. Katika Injili ya Luka limekwisha kuwa pepo mchafu. Na hata hivyo, Luka huyo huyo, anapoeleza jinsi wanafalsafa wa Athens walivyomshuku Paulo, amewatia kinywani neno lile lile kwa maana yake ya zamani, kana kwamba aliikumbuka kesi ya Socrates. Wafasiri wa Biblia yetu walilitambua jambo hilo: katika Injili wameandika pepo, katika Matendo wameandika miungu migeni. Neno moja, mwandishi mmoja, tafsiri mbili, na zote mbili sahihi. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake kwamba kamusi ni mtumishi wala si bwana, hatapata mfano bora.

Kisa cha Eshu ni cha karibu zaidi. Kwa Wayoruba yeye ni mjumbe kati ya orisha na watu, mwenye njia panda, mpenda vitimbi, asiyeweza kurukwa wakati wa sadaka. Samuel Ajayi Crowther, aliyekuwa Myoruba mwenyewe, alimchukua Eshu kuwa jina la Ibilisi katika kamusi yake na katika Biblia ya Kiyoruba iliyokamilika mwaka 1884. Hapa hatuwezi kumlaumu mgeni asiyejua lugha. Crowther aliijua lugha yake kuliko sote. Alihitaji neno, na lililokuwa karibu alilitwaa. Matokeo yake ni kwamba Mwingereza au Mfaransa akiuliza Eshu ni nani, hujibiwa kuwa ni shetani. Na mfasiri wetu, anayepitia Kiingereza kufika Nigeria, huupokea uamuzi wa Crowther bila kujua kuwa ulikuwa uamuzi.

Tena sisi wenyewe tunalo la kusema juu ya neno shetani. Katika vitabu vya dini ni adui wa watu, naye ni mmoja. Lakini Unguja na Pemba mashetani ni jamii kubwa yenye makabila yake: wako wa Kihabeshi, wako maruhani wa Kiarabu, wako wa kirubamba walio wa Pemba yenyewe, wako wa kibuki waliotoka Buki, yaani Madagaska, ambao hutaka kusemeshwa kwa lugha yao na kupewa vinywaji vyao. Huyo wa pili si yule wa kwanza, ingawa neno ni moja. Jini naye si shetani: Kurani ina sura nzima yenye jina lao, na ndani yake wamo majini waliosikiliza wakaamini. Mtu akiandika kwamba kami wa Wajapani ni majini, amekosea, lakini amekosea kidogo. Akiandika mashetani, amewatukana. Na malaika, ambalo kwa Kiarabu ni wingi na kwetu ni umoja, tusilipeleke nje ya dini zilizotuletea. (Kwamba vinyweleo vya mwilini navyo huitwa malaika ni fumbo ambalo hatujapata mtu wa kutufumbulia.)

Pepo ni neno tulilolidharau. Lina upepo ndani yake, kama vile pneuma la Kiyunani na spiritus la Kilatini yalivyo na pumzi. Pale Injili ya Yohana inapocheza na neno hilo, upepo ukivuma upendako na aliyezaliwa na Roho akiwa vivyo hivyo, Kiyunani kina neno moja, nasi tulikwisha kugawana: upepo wa Kibantu upande huu, roho ya Kiarabu upande ule. Mchezo umepotea. Lakini Kiswahili kimelipa kwa njia yake. Pepo huyu ni wa kuogopwa. Pepo hii ni ya kutamaniwa, na kila mja huiomba. Kinachomtenga mwovu na makao ya wema ni kiambishi cha upatanisho tu.

Juu ya aina za masimulizi hatutakaa sana. Wataalamu wa fasihi simulizi wametupa kisasili, kutoka asili, kwa masimulizi yanayoeleza chanzo cha ulimwengu, watu na kifo, na yanayosadikiwa na wenyewe. Na kisakale kwa habari za mashujaa wa zamani. M. M. Mulokozi alivipanga vizuri mwaka 1989. Hekaya na ngano ni za kuburudisha, wala msimuliaji hadai kuwa ni kweli. Basi kuita habari za Izanagi na Izanami ngano za Kijapani ni kuwaambia Wajapani kwamba hawakuziamini. Neno hadithi lingefaa kwa yote kama lisingekuwa na kazi nyingine takatifu kwa Waislamu. Tulitumie kwa uangalifu. Na walimu wa sayansi wanatuuliza juu ya sayari: Zuhura, Mirihi na Mushtari ni majina ya sayari tu. Venus, Mars na Jupiter wa Warumi na wabaki na majina yao, maana Zuhura hakupata kuwa na hekalu mjini Roma.

Limebaki suala la upatanisho, ambalo makarani na wahariri hutuletea mara kwa mara. Mungu ni a-, hilo halina ubishi. Lakini miungu? Umbo lake ni la mti na miti. Biblia imeandika miungu mingine. Wako waandishi wa Kiislamu walioandika waungu, wakilipeleka neno zima katika ngeli ya watu. Na magazeti huandika miungu wengi. Hatuoni kuwa ni fujo. Twaona kwamba lugha imejiwekea nafasi ya kutoa hukumu: miungu ya kuchongwa ni vitu, na mwenye kuandika hivyo ameonyesha kwamba kwake ni vitu. Wafasiri wa vitabu vya dini wana haki ya hukumu hiyo, kwa kuwa kitabu wanachokifasiri kimeitoa. Mfasiri wa kisasili hana. Katika masimulizi Zeus hukasirika, Odin hutoa jicho lake moja ili apate hekima, Thor huibiwa nyundo. Hao wanatenda, wanasema, wanadanganyana. Tunashauri basi iandikwe miungu hao, miungu wa Wayunani, miungu waligombana, na hiyo iachwe kwa sanamu. Kwa kufuata shauri hilo hilo jotnar wa Wanorse wasiitwe mazimwi, kwani mama yake Odin alikuwa mmoja wao. Majitu yatosha, ingawa si wote waliokuwa wakubwa wa mwili.

S. S. Mushi, aliyetupa Makbeth mwaka 1968 na Mfalme Edipode wa Sophocles mwaka 1971, na Mwalimu Nyerere, aliyetupa Juliasi Kaizari mwaka 1963, walikutana na viumbe hao jukwaani, ambako hakuna nafasi ya tanbihi: mzuka wa Kaizari hauna budi kuingia na kutambulika mara moja. Mwandishi wa kitabu cha shule ana nafasi hiyo, na aitumie. Katika muswada tuliousoma tuliondoa mashetani kumi na wanne. Tulirudisha orisha, kami, badimo na daimon, kila mmoja akielezwa mara moja kwa sentensi mbili au tatu. Mahali pamoja tulishindwa kukubaliana. Mwandishi alikuwa amewaita nguva wale waimbaji waliotaka kumwangamiza Odysseus baharini. Neno ni zuri, na mabaharia wa Rufiji wanamjua nguva. Lakini nguva ni mnyama wa majini, na katika vyombo vya udongo vya Wayunani wa kale waimbaji hao wamechorwa wakiwa na vichwa vya wanawake na miili ya ndege. Wenzetu wawili walitaka sireni, mmoja alishikilia nguva kwa sababu watoto wataelewa. Tumewaandikia walimu wa shule tatu za pwani, tukiwauliza watoto wao wanamwonaje nguva: kama samaki, kama mtu, au kama yule mnyama anayenaswa katika nyavu.